Walioendelea Kwenda Kazini: Maradhi ya Mlipuko na Afya ya Wafanyakazi, Kutoka Usumbura Hadi Bujumbura



 

Tunapokaa hapa Buyenzi na mazungumzo yakafika mwaka 2020, hakosi mtu wa kusema kwamba sisi hatukufungiwa. Ni kweli. Wakati Kigali, Kampala na miji mingi ya dunia ilipoambiwa ikae ndani, Bujumbura iliendelea kufungua maduka asubuhi. Soko la Ruvumera lilijaa, gereji zetu ziligonga bati kama kawaida, mama wa ndagala alikwenda ziwani na kurudi na beseni lake. Wengi tulishukuru, maana nyumba nyingi kwetu hula jioni kile kilichopatikana mchana, na mtu wa namna hiyo ukimfungia siku kumi na nne umemhukumu njaa.

Lakini kuna swali ambalo shukrani ile ililifunika, nalo ndilo tunalotaka kulitazama katika ukurasa wa historia mara hii. Kazi haikusimama, sawa. Je, mwili wa aliyeifanya kazi hiyo ulipatwa na nini? Na tukirudi nyuma tutaona kwamba swali hili si la corona peke yake. Mji huu wetu ulikumbana nalo tangu ulipokuwa ukiitwa Usumbura, na umma wetu wa Kiislamu ulikumbana nalo karne nyingi kabla ya hapo.

ABU UBAYDA NA JESHI LAKE

Mwaka ule khutba nyingi zilikumbusha mafunzo ya Mtume (s.a.w.) kuhusu tauni, kwamba asiingie mtu kwenye nchi ilikozuka wala asitoke aliyemo kwa kuikimbia. Ikasimuliwa pia habari ya Sayyidna Umar (r.a.), aliyekuwa njiani kwenda Sham. Alipofika Sargh akapewa habari ya tauni, akashauriana na Muhajirina, kisha Answari, kisha wazee wa Kiquraysh, halafu akaamua kurudi Madina. Habari hiyo wengi wetu tunaijua.

Sehemu inayofuata husimuliwa mara chache. Abu Ubayda ibn al-Jarrah (r.a.) alikuwa amiri wa majeshi kule Sham, na tauni ile, inayojulikana kwa jina la Amwas, ilipiga mwaka wa 18 Hijria (639 Miladia). Wanahistoria wa Kiislamu wanasimulia kwamba Umar alimwandikia barua amjie haraka kwa shughuli muhimu. Abu Ubayda akafahamu kwamba Khalifa anataka kumwokoa, akajibu kwa adabu kwamba yeye yumo pamoja na askari wa Kiislamu na hawezi kujitenga nao. Umar aliposoma jibu lile alilia. Kisha akaandika barua ya pili, na hii ndiyo tunaomba msomaji aizingatie: hakumlazimisha tena aondoke, bali alimwambia kwamba amewaweka watu kwenye ardhi ya bondeni yenye unyevu, basi awahamishie kwenye ardhi ya juu yenye hewa safi.

Yaani, kazi ya kulinda nchi haikuweza kusimama, na amiri hakuwa tayari kuwaacha watu wake. Kilichobaki ni kubadilisha mahali na hali ambamo kazi ilifanyika. Abu Ubayda alifariki kwa tauni ile, na Muadh ibn Jabal (r.a.) aliyeshika nafasi yake akafariki pia. Amr ibn al-As (r.a.) ndiye aliyewatawanya watu milimani, na maradhi yakapungua.

Sisi tunaona kwamba barua ile ya pili ni kipimo kizuri. Katika kila mlipuko tutakaoutaja hapa chini wapo watu ambao kazi yao haikuweza kungoja. Tutauliza: kuna aliyewahamisha kutoka bondeni?

UGONJWA WA MALALE KANDO YA ZIWA

Kituo cha Wajerumani hapa Usumbura kilianza miaka ya mwisho ya karne ya 19, na mwaka 1906 kikawa makao ya Residenti wa Urundi, mpaka makao hayo yalipohamishiwa Gitega mwaka 1912. Waswahili, yaani watu wa biashara, wapagazi, askari, mafundi na wavuvi waliotoka Ujiji, Tabora, Manyema na pwani, walikusanyika hapa karibu na maji. Wengi wetu ni vitukuu vyao.

Miaka hiyohiyo ugonjwa wa malale ulikuwa ukiteketeza watu wa maziwa makubwa. Kule Uganda pekee, tangu mwanzo wa karne ya 20, waliokufa wanakadiriwa kuwa zaidi ya 200,000. Mwaka 1903 ilifahamika kwamba anayeueneza ni mbung'o. Basi mbung'o wa aina hiyo haishi popote tu. Hukaa kwenye vichaka vya kivulini kandokando ya ziwa na mito. Kwa hiyo anayeumwa ni nani? Ni mvuvi anayefunga mtumbwi, mpiga kasia, mchota maji, mkata kuni, mpagazi anayengoja kuvushwa. Mtu wa baraza mwenye wake wa kumfanyia hayo yote alikuwa salama zaidi. Tangu mwanzo malale ulikuwa ugonjwa wa kazi, hata kama madaktari waliuita ugonjwa wa nchi za joto.

Mwaka 1906 daktari mashuhuri wa Kijerumani, Robert Koch, alikuja visiwa vya Ssese katika Ziwa Victoria kujaribu dawa ya sindano iitwayo atoksili, ambayo ndani yake mna arseniki, jamaa ya sumu tunayoijua. Dawa ilipunguza vijidudu kwenye damu kwa muda, lakini wagonjwa 22 wa Koch walipofuka macho. Baada yake Wajerumani walianzisha kampeni katika pwani za Ziwa Tanganyika, na Usumbura ikawa na kambi yake ya wagonjwa wa malale.

Kampeni hiyo haikuendeshwa na madaktari peke yao. Walikuwa wachache mno. Iliendeshwa na vijana wa Kiafrika waliofundishwa kupapasa shingo za watu ili kutafuta tezi zilizovimba, maana tezi hizo ni dalili ya mapema. Wajerumani waliwaita kwa jina la kazi yao, wapapasa tezi. Walikwenda kijiji kwa kijiji, na kazi yao iliwapeleka palepale penye mbung'o. Wengine walifyeka vichaka kwenye bandari za mitumbwi na vivuko, na mfyekaji wa kichaka cha mbung'o ndiye wa kwanza kuumwa naye. Hebu tufikirie hali ya yule mpapasa tezi: wanakijiji wanamkimbia kwa sababu akikuta tezi mtu anapelekwa kambini kwenye sindano inayoweza kupofusha, na bwana mkubwa anamdai idadi ya wagonjwa. Nani alimuuliza analalaje usiku?

Kufyeka vichaka, tuseme ukweli, kulikuwa ni kubadilisha mahali pa kazi. Mvuvi aliyefunga mtumbwi mahali peupe alipata nafuu. Hapo barua ya Umar ilitekelezwa, ingawa kwa amri na kwa mikono ya watu wasiokuwa na hiari. Hilo tunawapa Wajerumani haki yao. Katika masimulizi ya kampeni ile majina ya madaktari yamehifadhiwa mpaka leo, Koch, Kleine, Feldmann, lakini majina ya wapapasa tezi na wafyekaji ni machache mno.

WAPAGAZI NA HOMA YA 1918

Juni 1916 Wabelgiji waliingia Usumbura, vita vikaelekea Tabora, na watu wa nchi hizi wakabebeshwa mizigo. Katika jeshi la Waingereza peke yake, wapagazi waliokufa katika vita vile vya Afrika Mashariki wanahesabiwa kuwa zaidi ya 95,000, na wengi wao hawakuuawa na risasi, bali na kuhara damu, kichomi, malaria na uchovu. Jina la Kariakoo ya Dar es Salaam, ambako jamaa zetu wengi wana maduka leo, limetokana na kikosi hicho cha wapagazi. Mtu ananunua kitenge pale bila kujua kwamba anatamka jina la kambi.

Ndipo mwaka 1918, vita vikikaribia kwisha, ikaja homa kubwa ya mafua ambayo Wazungu waliiita ya Kihispania. Inakadiriwa iliua watu wapatao milioni 50 duniani. Kwetu iliingia kwa meli katika bandari za pwani, kisha ikapanda treni. Reli ya kati ilikuwa imefika Kigoma tangu 1914, kwa hiyo maradhi yaliyokuwa yakihitaji miezi kufika ziwani kwa miguu ya misafara yangeweza sasa kufika kwa siku chache, yakibebwa na haohao waliokuwa wakifanya kazi ya kusafirisha.

Kuna kisa kimoja kinachogusa ziwa letu. Jemadari Mjerumani Lettow-Vorbeck alisalimu amri huko Abercorn, katika Zambia ya leo, tarehe 25 Novemba 1918. Askari na wapagazi wake walisafirishwa kwa Ziwa Tanganyika mpaka Kigoma, na kutoka hapo kwa reli. Walikuwa watu waliotembea miaka minne, wamekonda, hawana akiba yoyote mwilini. Homa iliwakuta katika safari na makambi hayo na kuwaua wengi, Wazungu kwa Waafrika. Walivuka risasi zote, wakafa wakingoja kwenda nyumbani.

Hapa somo la kitabibu ni wazi, na lilithibitika tena baadaye. Ugonjwa wa mlipuko haumpigi mfanyakazi akiwa mzima kama alivyoajiriwa. Unamkuta katika hali ambayo kazi imemfikisha. Lishe duni, usingizi mfupi, kulala watu wengi kwenye chumba kimoja, mzigo usiopungua, hivyo vyote vilikuwa vimefanya nusu ya kazi kabla homa haijafika. Wapagazi wale hakuna aliyewahamisha kutoka bondeni. Wao ndio walioubeba mzigo wa bonde lenyewe.

GULU, MWAKA 2000

Tunaruka miaka mingi, na tunaacha njiani kipindupindu kilichofika Burundi mwaka 1978 na kuwasumbua wavuvi na wauza samaki wa Rumonge na Bujumbura mara kwa mara mpaka miaka hii, maana kinastahili makala yake. Tunakwenda kaskazini mwa Uganda kwa sababu moja: huko ndiko Afrika Mashariki iliposhuhudia, mbele ya macho ya wote, wafanyakazi wa hospitali wakiuliza kama wana haki ya kuondoka.

Oktoba 2000 ebola ilitangazwa Gulu. Haukuwa ugonjwa wa dunia nzima, lakini kwa muuguzi aliyekuwa wodini haikuwa na tofauti. Hospitali ya Lacor iliongozwa na Dk. Matthew Lukwiya, ambaye alikuwa ametenga wodi maalumu na kutoa mavazi ya kinga mapema kabisa. Hata hivyo wauguzi waliendelea kuambukizwa na kufa mmoja baada ya mwingine, mpaka mwishoni mwa Novemba wenzao wakakusanyika wakiwa na hasira na hofu, hawataki tena kuingia wodini. Lukwiya hakuwatukana wala hakuwatisha. Alizungumza nao saa nyingi, akawaambia anayetaka kwenda aende, yeye atabaki. Wengi wakabaki. Yeye mwenyewe alifariki tarehe 5 Desemba 2000, akiwa na umri wa miaka 43. Katika hospitali ile wafanyakazi 13 walikufa, yeye akiwa miongoni mwao.

Inasimuliwa kwamba aliambukizwa usiku, alipokwenda kumsaidia mmoja wa wauguzi wake aliyekuwa mahututi, akiwa hakuvaa kinga kamili ya uso. Huyu ni mtu aliyewafundisha wengine kuvaa kinga! Si kwamba hakujua. Alikuwa amechoka, usiku ulikuwa mwingi, na mgonjwa alikuwa mwenzake. Wauguzi wa Bujumbura wakisoma hapa watatuelewa: uchovu ndio mlango ambao maradhi hupitia kwa mtu anayejua kila kitu kuhusu maradhi hayo.

BUJUMBURA, 2020 NA 2021

Sasa turudi nyumbani. Uwanja wa ndege ulifungwa kwa abiria Machi 2020 na haukufunguliwa mpaka tarehe 8 Novemba mwaka huo. Tarehe 31 Machi Wizara ya Afya ilitangaza wagonjwa wawili wa kwanza, mmoja alitoka Rwanda na mwingine Dubai. Dubai, ndugu zetu! Tunajua wote ni nani kati yetu huenda Dubai kuleta simu, vitenge na vipuri vya magari. Mwezi wa Ramadhani ulianza mwishoni mwa Aprili, siku zilezile kampeni za uchaguzi zilipoanza, na uchaguzi ukafanyika tarehe 20 Mei, siku chache kabla ya Idi. Ligi ya mpira nayo iliendelea kuchezwa Aprili ile, wakati ligi nyingi za dunia zimesimama.

Tarehe 30 Juni Rais mpya, Évariste Ndayishimiye, alitangaza kwamba corona ndiyo adui mkubwa wa nchi, na bei ya sabuni ya bluu ikapunguzwa. Mwezi Julai ikaanza kampeni ya kupima watu kwa wingi, yenye kaulimbiu ya Kirundi iliyokuwa na maana kwamba ninapona, siambukizwi wala siambukizi wengine. Chanjo ilikuja kuchelewa, Oktoba 2021, na Burundi ilikuwa miongoni mwa nchi za mwisho duniani kuianza. Vifo vilivyotangazwa rasmi katika miaka yote havikufika hata mia moja.

Sabuni ile, tunasema bila kusita, ilikuwa barua ya pili ya Umar kwa kiwango chake. Mtu ambaye hawezi kuacha kwenda sokoni, basi apewe maji na sabuni kwa bei anayoiweza. Ndoo zenye bomba ziliwekwa milangoni mwa maduka, misikiti na ofisi. Lakini sabuni hulinda mikono. Haipunguzi saa za kazi, haiongezi nafasi kati ya cherehani na cherehani, wala haimlipi aliyelala na homa.

Fikirini dereva wa lori. Mafuta, ngano, saruji na dawa za nchi hii hupita kwa barabara kutoka Dar es Salaam, na wakati mipaka imefungwa kwa watu, mizigo iliruhusiwa. Dereva basi akawa ndiye mtu pekee anayevuka. Katika mipaka ya ukanda wetu mwaka 2020 madereva walilala siku nyingi kwenye foleni wakingoja majibu ya vipimo. Huko Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, foleni ilikwenda makumi ya kilometa. Rwanda ilitaka madereva wabadilishane mpakani Rusumo, na madereva wa Kitanzania wakagoma. Uganda ilipotangaza wagonjwa wa siku ilikuwa ikiwataja madereva wa malori kando, na haikuchukua muda kwa watu wa mijini kumwona kila dereva kuwa ni ugonjwa unaotembea kwa magurudumu. Mtu huyu analeta unga unaokula, halafu ukimwona dukani unamkimbia! Ni hali ileile ya mpapasa tezi wa mwaka 1908: anafanya kazi inayohitajiwa na wote, na anaogopwa kwa sababu ya kazi hiyo.

Na vipi waosha maiti wetu, wanaume na wanawake? Kazi yao haina ujira, ni fardhi kifaya wanayoifanya kwa niaba yetu sote. Hakuna aliyewahi kumwosha maiti akiwa mbali. Nani kati yetu aliwanunulia glovu?

KILICHOBAKI MWILINI

Baada ya miaka hiyo yamefanyika mahesabu mengi duniani, na baadhi yake yanatuhusu. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kwamba kuanzia Januari 2020 hadi Mei 2021 wafanyakazi wa afya kati ya 80,000 na 180,000 walikufa kwa corona ulimwenguni. Shirika hilo lilisema pia, Machi 2022, kwamba katika mwaka wa kwanza wa corona maradhi ya wasiwasi na huzuni nzito yaliongezeka duniani kwa asilimia 25. Na mwaka 2021 WHO pamoja na Shirika la Kazi Duniani (ILO) yalitoa utafiti kuhusu saa ndefu za kazi: anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kiharusi iliyo kubwa kwa takriban asilimia 35 kuliko yule wa saa 35 hadi 40. Sasa mhesabieni mtu wa gereji anayeanza saa moja asubuhi mpaka Magharibi, siku sita. Anazipita saa hizo kabla ya wiki kwisha.

Kwa lugha ya nyumbani tunaweza kusema hivi. Kuna madhara ya maradhi yenyewe, na kuna madhara ya kuendelea kufanya kazi ndani ya maradhi, na haya ya pili hayahitaji hata uambukizwe. Mwenye presha aliacha kwenda kliniki kwa kuogopa kukutana na corona pale, dawa zikamwishia, akaendelea kubeba magunia. Mwenye sukari hivyohivyo. Muuguzi aliyeogopa kuwapelekea watoto maradhi alilala peke yake miezi kadhaa, na usingizi uliovunjika wakati ule haurudi kwa amri. Mama wa sokoni aliona wateja wanapungua huku bei ya mafuta ya kupikia inapanda, moyo ukawa unamdunda usiku. Yupo aliyepata corona kweli, akalala siku tano kwa sababu akiba ilikuwa ya siku tano, ya sita akarudi kazini anahema. Miongoni mwa waliougua wapo waliobaki na kuchoka upesi, pumzi fupi na kusahausahau kwa miezi mingi, na hilo madaktari wanalitambua leo kuwa ni ugonjwa wa kweli, si uvivu. Tunalisema hili kwa sababu bado tunasikia vijana wakiitwa wavivu na baba zao.

Huko ughaibuni nako mambo hayakuwa mepesi. Wapo waliofanya kazi kwa kompyuta chumbani, wakaumwa migongo na upweke. Lakini watu wa asili yetu wengi walikuwa upande wa pili, katika nyumba za wazee, magodauni na usafi wa hospitali. Katika jimbo la Quebec, Kanada, waomba hifadhi wengi, Wahaiti na Waafrika, walihudumia wazee wakati maradhi yanapiga vibaya nyumba hizo. Agosti 2020 serikali ya Kanada ikatangaza njia ya kuwapa ukaazi wa kudumu wale waliofanya kazi ya kuwahudumia wagonjwa moja kwa moja. Masharti yake yalilalamikiwa, kwa kuwa mpishi na mfagiaji wa hospitali hawakuingia, lakini angalau dola liliwahesabu watu na kuandika kwamba fulani alikuwepo kazini.

Hapo ndipo tunapofika kwenye jambo linaloziumiza familia zetu mpaka leo. Hapa Burundi mwajiriwa aliyeandikishwa INSS ana kinga ya kisheria kwa ajali za kazini na maradhi yatokanayo na kazi. Lakini ili kudai lolote lazima mwajiri awe alimwandikisha, na lazima pawe na karatasi. Fundi wa gereji, mshonaji, mpakia mizigo bandarini wa kibarua, dereva wa taksi-velo, msichana wa kazi za ndani, hawa hawapo kwenye daftari lolote. Akipata kadi ya CAM atatibiwa kwa nafuu, lakini hakuna palipoandikwa kwamba pumzi yake ilianza kukatika mwaka 2021 akiwa kazini. Juni 2022 ILO iliweka mazingira salama na yenye afya kazini kuwa miongoni mwa haki za msingi za kila mfanyakazi duniani. Haki hiyo itaanzia wapi kwa mtu ambaye hata siku zake za kazi hazikuhesabiwa?

Kwa hiyo tuna ombi kwa kila familia. Mwenye daftari la shule lililobakia kurasa aliweke mezani baada ya Isha, na aandike habari za kila mtu wa nyumba hiyo aliyekuwa akienda kazini kati ya Machi 2020 na mwisho wa 2021: alifanya kazi gani, mahali gani, saa ngapi kwa siku, aliugua lini, alilala siku ngapi, alirudi kazini akiwaje, na tangu hapo analalamika nini. Wakienda kliniki wamwonyeshe muuguzi, maana mgonjwa hukumbuka maumivu na husahau tarehe. Wazee ambao babu zao walikuwa wapagazi, askari, wapiga makasia, au walipita katika kambi ya malale, nao waandikiwe na wajukuu zao wanachokikumbuka, hata likiwa jina tu na mahali alipotokea. Waosha maiti wa kila msikiti waandikwe pia, wanawake wasisahauliwe. Nakala zikusanywe kwa walimu wa madrasa za mitaa, Buyenzi, Bwiza, Kinama, Rumonge na kwingineko, na sisi inshaallah tutazipitia na kuchapisha zile ambazo wenyewe wameridhia zisomwe.